Mtoto wangu atalala wapi? Mambo ya kujua kabla ya kupeleka vijana mashindanoni



"Mwalimu, samahani, huko Timau mwanangu atalala wapi?"

Aliyeniuliza hivyo ni mama mmoja wa Mombasa, jioni ya Disemba pale Mwembe Tayari, mabegi yashapakiwa na watoto ishirini na wawili washakaa kwenye viti vyao wakiimba. Watu wazima tuliosafiri nao tulikuwa watatu, sote wanaume, na kati ya watoto tisa walikuwa wasichana. Nikamjibu haraka, "Usijali mama, tuna wenyeji wetu kule, watatupokea vizuri." Akanitazama kidogo, akasema, "Haya, amana yako hiyo," akashuka kwenye basi.

Ukweli ni kwamba sikujua watalala wapi. Nilijua tutapanda basi gani, nilijua nauli, nilijua jezi ziko ngapi na mipira mingapi. Swali la yule mama sikuwa nalo hata kwenye karatasi.

Makala haya nimeyaandika kwa sababu ya swali lile. Kila likizo ya shule timu zetu za Pwani hupanda mabasi: za kandanda, za mpira wa vikapu, za riadha, karate, kuogelea. Wengi wanaoziongoza ni watu kama mimi, wa kujitolea, wenye nia safi na maarifa kidogo. Nimejaribu kukusanya hapa yale ambayo mzazi, kocha na mwenye timu wanapaswa kuyajua, ili mchezo uwe salama kwa mtoto na uwe wa haki kwa kila anayecheza.

Kwa wasiopajua, Timau ni mji mdogo katika Kaunti ya Meru, sehemu ya Buuri, kwenye barabara ya Nanyuki kwenda Meru mjini. Uko juu zaidi ya mita 2,000. Mlima Kenya uko mgongoni mwake, na mbele ardhi inateremka hadi uwanda wa Isiolo. Ni nchi ya ngano, viazi na mashamba ya maua yanayouzwa Ulaya. Karibu yake kuna Lewa, hifadhi ya wanyamapori ambayo tangu mwaka 2000 imekuwa ikiandaa marathoni yake mwezi wa Juni. Ukizunguka mlima mpaka upande wa Embu, kuna Chuo cha Walimu cha Kigari, ambako timu ya taifa ya mbio za nyika imepiga kambi miaka na miaka. Hewa ni nyepesi, mapafu yanafanya kazi ya ziada, na ndiyo maana wakufunzi hupenda kupeleka vijana huko. Sisi tulialikwa kambi ya siku nane na mtu tuliyemfahamu kwa simu tu.

Tulifika saa mbili usiku, baridi inauma, watoto wengine wamevaa kanda mbili na shati la mikono mifupi. Wavulana wakapewa ukumbi. Wasichana wakapelekwa kwenye vyumba vya nyumba ya kulala wageni, hatua kama mia tatu kutoka kwetu, na ufunguo akabaki nao bwana mmoja aliyesemekana kuwa msimamizi wa kambi. Tulikuwa tumechoka. Tukasema Alhamdulillah, tukalala.

Asubuhi msichana mmoja wa miaka kumi na minne alinifuata tukinywa chai. Akaniambia kwa sauti ya chini, "Ami, usiku yule bwana alibisha mlango. Alisema anaangalia kama tuna blanketi za kutosha. Hatukufungua. Akarudi tena." Hakuna lililotokea zaidi ya hapo, na namshukuru Mungu. Lakini alibisha mara mbili usiku, kwenye mlango ambao ufunguo wake alikuwa nao yeye. Siku ileile tuliwahamisha wasichana kwa mwalimu mmoja wa kike, mwenyeji wa pale, aliyewapa vyumba viwili vya nyumba yake. Nilipomweleza mwenye kambi, alinijibu kwamba watu wa Pwani tuna wasiwasi mwingi na tusimharibie jina. Hadi leo hajanipa jibu jingine.

Kosa la kwanza lilikuwa langu mimi niliyesema "usijali".

Karatasi mbili tu

Watu wakisikia "sera ya ulinzi wa watoto" hufikiri ni jambo la mashirika makubwa yenye ofisi Nairobi. FIFA ilianzisha mpango wake wa ulinzi wa watoto mwaka 2019 na kuwapa mashirikisho ya nchi wanachama mwongozo wa kufuata. Shirikisho la Riadha la Dunia nalo lina sera yake. Lakini timu ya mtaani haihitaji kitabu. Inahitaji karatasi mbili ambazo kila mzazi amezisoma na kila kocha amezitia saini.

Humo liandikwe jina la mtu mmoja, na itapendeza awe mwanamke, ambaye mtoto au mzazi anaweza kumwendea akiwa na lalamiko, na ambaye si kocha mkuu wala ndugu wa kocha mkuu. Iandikwe kwamba mtu mzima hakai peke yake na mtoto mahali pa faragha: si garini, si chumbani, si chumba cha kubadilishia nguo. Mazoezi ya mmoja kwa mmoja yafanywe mahali ambapo wengine wanaona. Timu yenye wasichana isisafiri bila mwanamke mtu mzima, na hili kwetu Waislamu halipaswi kuwa geni hata kidogo. Mahali pa kulala pajulikane kabla ya nauli kulipwa, na awepo mtu aliyekwenda kupaona au aliyepigiwa simu akapaeleza. Ufunguo wa vyumba vya watoto wawe nao watoto wenyewe na yule mama anayesafiri nao.

Simu ndiyo inayotushinda siku hizi. Kocha anamtumia mtoto ujumbe saa nne usiku, mwanzo ni habari za mazoezi, kisha "umelala?", kisha picha. Dawa yake ni rahisi: ujumbe wa timu uende kwenye kundi ambalo wazazi wamo, na kocha asiwe na mazungumzo ya siri na mtoto. Kocha mwema halipotezi chochote kwa sharti hili, na wala asilichukulie kuwa ni tuhuma. Linamlinda yeye pia asizushiwe.

Sheria zipo nyuma ya karatasi hizi. Sheria ya Watoto ya mwaka 2022 inamhesabu kila aliye chini ya miaka 18 kuwa mtoto na kumpa haki ya kulindwa dhidi ya unyanyasaji. Sheria ya Makosa ya Kingono ya 2006 haitambui ridhaa ya mtoto, na ina kifungu kinachowahusu hasa watu wanaotumia nafasi ya mamlaka au ya kuaminiwa kumwingilia mtu aliye chini yao. Anayemwambia msichana "ukitaka namba kwenye timu unajua la kufanya" aelewe kuwa yuko ndani ya vifungu hivyo.

Na tusidanganyike kwamba haya hutokea kwa maskini tu, au kwa wasio na dini, au kwa nchi zisizo na sheria. Marekani, yenye mawakili na kamera kila kona, daktari wa timu ya taifa ya jimnastiki, Larry Nassar, aliwadhulumu wasichana kwa miaka mingi. Mwaka 2018 alihukumiwa kifungo cha miaka 40 hadi 175, na zaidi ya wanawake 150 walizungumza au kusomewa maelezo yao mahakamani. Kinachonikaa moyoni katika kisa kile ni kwamba wapo waliowaambia watu wazima tangu miaka ya 1990. Waliambiwa wamekosea, kwamba daktari yule ni mtu mzuri.

Hapa ndipo nataka kusema jambo ambalo baadhi ya wazee wangu hawatalipenda. Kwetu Pwani, mambo ya aina hii yakitokea, hatua ya kwanza huwa ni kuitana barazani. Wazee wa pande mbili wanakaa, inatajwa aibu ya familia, inatajwa jina la mtaa, pengine inatolewa pesa kidogo, inasomwa Fatiha, na mtuhumiwa anahamia timu ya mtaa wa pili. Sulhu ni jambo tukufu baina ya wanandoa na majirani na warithi. Haina nafasi kwenye jinai iliyofanyiwa mtoto. Hata Kadhi hana mamlaka hayo. Katiba yetu imempa mambo ya ndoa, talaka, urithi na hadhi ya mtu, na jinai ni ya mahakama za kawaida. Aliyekaa barazani kulizima jambo la namna hii amemfungulia mlango mtoto wa mtu mwingine.

Kwa hivyo likitokea, na Mungu apishe mbali, la kufanya ni hili. Mtoto apelekwe hospitali upesi iwezekanavyo, na asiogeshwe kwanza, wala nguo alizovaa zisifuliwe, zitiwe kwenye mfuko wa karatasi. Dawa za kuzuia virusi vya ukimwi hufanya kazi zikianzwa ndani ya saa 72, na kila saa inayopita hupunguza nguvu yake. Ripoti ipelekwe polisi, kwenye dawati la jinsia pale lilipo, na mtoto ajazwe fomu ya P3. Afisa wa watoto wa kaunti ndogo ajulishwe. Namba 116 ni ya kuwasaidia watoto na 1195 ni ya dhuluma za kijinsia. Zote mbili ni za bure. Kabla ya haya yote, mtoto asikilizwe bila kukatizwa na aambiwe kwamba si kosa lake. Usimhoji kama polisi. Akishakueleza mara moja, waachie wenye kazi yao.

Dada zetu wakubwa nao

Ulinzi hauishii kwenye miaka 18. Oktoba 2021 Agnes Tirop aliuawa nyumbani kwake Iten akiwa na umri wa miaka 25. Mwezi mmoja tu nyuma alikuwa ameweka rekodi ya dunia ya kilomita 10 za wanawake pekee huko Ujerumani, dakika 30 na sekunde moja. Mumewe alishtakiwa kwa mauaji hayo na akakana. Wanariadha wenzake wakaanzisha kikundi cha Tirop's Angels kuwasaidia wanawake walio hatarini, na serikali ikaunda kamati ya maslahi ya jinsia katika michezo, ikiongozwa na Catherine Ndereba. Septemba 2024 tukazika tena, kwa maana Rebecca Cheptegei wa Uganda, aliyekuwa amekimbia marathoni ya Olimpiki ya Paris mwezi uliotangulia, alifariki Eldoret baada ya kumwagiwa petroli na kuchomwa moto nyumbani kwake Trans Nzoia na mwanamume waliyekuwa na uhusiano. Ugomvi ulihusu ardhi.

Ukiviangalia visa hivi unaona njia moja. Msichana mdogo mwenye kipaji anatoka kwa wazazi maskini. Anatokea mwanamume anayejiita kocha au meneja, anamlipia viatu, anamlisha, halafu anakuwa mpenzi au mume, na pesa za mashindano zinaingia kwenye akaunti anayoishika yeye. Msichana akianza kudai chake, vita vinaanza. Kwa hiyo mzazi anayesaini mkataba wa mtoto wake na meneja asiangalie tu kiatu alicholetewa. Aulize akaunti ya benki ni ya nani, hati ya shamba itaandikwa jina la nani.

Nao wale wanaopelekwa Ghuba, jambo tunalolijua sana sisi wa Pwani, wana sheria zao. FIFA hairuhusu mchezaji wa chini ya miaka 18 kuhamishwa kutoka nchi moja kwenda nyingine, isipokuwa kwa sababu chache zilizotajwa. Katika riadha, tangu 2018 mtu hawezi kubadilisha nchi anayoiwakilisha kabla ya kutimiza miaka 20. Wakala anayekuja na pasi ya kusafiria ya mtoto wa miaka 15 na ahadi ya klabu ya Doha, mwambie akuonyeshe hiyo sababu.

Dawa, miraa na duka la dawa

Siku ya tatu kule Timau nusu ya watoto walikuwa na mafua. Baridi ile si ya mchezo. Mwenzangu akaenda duka la dawa akarudi na vidonge vya kila rangi, akaanza kuwagawia. Mimi siku hizo sikujua kwamba baadhi ya dawa za mafua zina sudoefedrini, ambayo mwanamichezo akiwa nayo mwilini kwa wingi siku ya shindano ni kosa. Tramadol, kidonge cha maumivu ambacho mitaani kwetu kinauzwa kama njugu, kimepigwa marufuku wakati wa mashindano tangu Januari 2024. Prednisoloni ya kumeza nayo haitakiwi wakati wa mashindano. Pampu ya pumu ya salbutamoli inaruhusiwa, ila kwa kipimo. Anayehitaji dawa iliyokatazwa kwa ugonjwa wa kweli huomba kibali cha matibabu mapema, kwa barua ya daktari.

Miraa na muguka vinatugusa zaidi. Meru ndiko kwa miraa, Embu ndiko kwa muguka, na walaji tupo nao huku. Mnakumbuka Mei 2024 Gavana Abdulswamad Nassir alivyopiga marufuku muguka Mombasa, Kilifi ikafuata, kisha mahakama ya Embu ikasimamisha amri hizo. Katika mabishano yote yale, ya afya na ya biashara, sikumsikia mtu akiwatajia wachezaji jambo hili: kathinoni na kathini, zile kemikali zinazomfanya mlaji akeshe macho makavu, zimo kwenye orodha ya Shirika la Dunia la Kupambana na Dawa Michezoni, WADA, ya vitu vilivyokatazwa wakati wa mashindano. Kathini ikizidi mikrogramu 5 katika mililita moja ya mkojo, umepatikana. Na "wakati wa mashindano" huanza dakika moja kabla ya saa sita za usiku wa kuamkia shindano. Kijana anayetafuna Ijumaa jioni na kucheza Jumamosi ajue hivyo.

Wakuu wa michezo walishaona moto. Sheria ya Kenya ya kupambana na dawa hizi ilipitishwa Aprili 2016. WADA ikaona ina kasoro, na mwezi wa Mei ikatangaza kuwa Kenya haijatimiza masharti. Ilirekebishwa mbiombio kabla ya Olimpiki ya Rio. Hata huko Rio kwenyewe kocha mmoja wa timu yetu alirudishwa nyumbani kwa madai ya kujitokeza penye upimaji kwa kitambulisho cha mwanariadha. Novemba 2022, Kenya ikiwa hatarini kufungiwa riadha nzima, serikali iliahidi dola milioni 5 kila mwaka kwa miaka mitano. Shirika letu la ADAK ndilo linalopima na kufundisha, na kesi husikizwa na Jopo la Mizozo ya Michezo lililoundwa chini ya Sheria ya Michezo ya 2013.

Majina yaliyoanguka ni makubwa. Rita Jeptoo, bingwa wa Boston na Chicago. Asbel Kiprop, bingwa wa dunia mara tatu wa mita 1,500. Jemima Sumgong, Mkenya wa kwanza mwanamke kushinda dhahabu ya marathoni ya Olimpiki. Hao wote walipatikana na EPO, dawa ya kuongeza damu. Wilson Kipsang alifungiwa miaka minne bila kupatikana na dawa yoyote. Kosa lake lilikuwa kutopatikana mahali alipoandika kuwa atakuwepo, na kutoa maelezo ya uongo kuhusu hilo. Mwanariadha aliye kwenye orodha ya kupimwa akikosekana mara tatu ndani ya miezi 12, ni kama amepatikana.

Na Ruth Chepngetich, aliyekimbia marathoni kwa saa 2:09:56 huko Chicago Oktoba 2024, mwanamke wa kwanza kushuka chini ya saa 2 na dakika 10, alifungiwa miaka mitatu Oktoba 2025. Alipatikana na haidroklorothiazaidi. Hiyo si dawa ya ajabu. Ni kidonge cha presha, kipo kwenye kabati la bibi yako. Inakatazwa kwa sababu inakojoza na kwa hivyo inaweza kusafisha alama za dawa nyingine. Alijitetea kwamba alikuwa mgonjwa akameza dawa za mtumishi wake wa nyumbani. Kanuni haimwangalii hivyo mwanamichezo: kilichopatikana mwilini mwake ni jukumu lake, aliyempa awe nani.

Mtoto akiitwa kupimwa, ana haki ya kuwa na mtu mzima wake hapo mpaka mwisho. Mkojo wake hugawanywa chupa mbili, A na B, na yeye ndiye anayezichagua na kuzifunga. Kocha anayemwambia mtoto atoroke kwa mlango wa nyuma anamponza. Kukataa kupimwa adhabu yake huweza kufika miaka minne.

Mamluki

Haki ina upande mwingine ambao tunaucheka badala ya kuukomesha. Kwenye mashindano ya shule na ya mitaa, mchezaji mwenye ndevu anasimama na cheti kinachosema ana miaka 15. Tunamwita mamluki, tunacheka, na akifunga bao tunashangilia. Kijana wa kweli wa miaka 15 amekaa benchi, au amevunjwa mguu na mtu mzima. FIFA ilianza kuwapiga picha za mkono kwa mashine ya MRI wachezaji wa Kombe la Dunia la chini ya miaka 17 mwaka 2009, kwa sababu vyeti havikuaminika tena.

Ila hapa lazima niwe na huruma kidogo. Si kila asiye na cheti ni mwongo. Jamii ya Wapemba wa Kwale na Kilifi walitambuliwa kuwa Wakenya mwaka 2023 tu, na kabla ya hapo watoto wao walikuwa wakizaliwa Shimoni na Vanga na kukua bila karatasi. Mwenye mashindano anayemfukuza mtoto kama huyo hajatenda haki. Atafute barua ya shule, kadi ya kliniki, ushahidi wa chifu. Anayestahili kufukuzwa ni kocha aliyenunua cheti.

Kupanga matokeo nako tusikuone ni kwa Ulaya. Mwaka 2020 FIFA iliwafungia wachezaji wanne waliokuwa Kakamega Homeboyz, mmoja maisha, watatu miaka minne. Mwaka 2021 Zoo FC ya Kericho ikaondolewa Ligi Kuu kwa sababu hiyohiyo, na Januari 2023 FKF ikasimamisha wachezaji na makocha zaidi ya kumi. Chanzo hujulikana: mchezaji hajalipwa miezi mitatu, anakuja mtu na bahasha, anamwambia hahitaji kushindwa, afanye tu faulo ndani ya boksi dakika ya sabini. Timu isiyolipa mishahara inamwandalia huyo mtu meza.

Na kamari. Uharamu wake tunaujua, sitawahubiria. Nitasema nilichokiona kwa macho yangu kwenye viwanja vyetu mwezi wa Ramadhani baada ya tarawehe: watu wazima wakiwekeana dau mechi za watoto wa miaka kumi na tatu, na mtoto aliyekosa penalti akatukanwa mpaka akalia, kwa kuwa mtu amepoteza shilingi mia tano. Pale kamati ina uwezo wa kusimamisha mechi. Sijaiona ikifanya hivyo.

Agosti iliyofuata tulirudi Timau. Safari hii tulikuwa watu wazima wanne, wawili kati yao kina mama, na mmoja wao muuguzi aliyekagua dawa zote kabla hazijapakiwa. Sweta tulichangisha. Tulifikia kwa yule mwalimu na jirani yake, na nilikwenda mwenyewe wiki mbili mbele kuviona vyumba na kujaribu makomeo. Karatasi mbili nilizichapisha, nikazipeleka nyumba kwa nyumba.

Yule mama wa Mwembe Tayari alizisoma zote mbili mlangoni kwake, nimesimama. Akaniuliza huyu muuguzi ni binti wa nani. Akaandika namba ya simu ya mwalimu wa Timau kwenye simu yake, akampigia palepale nikiwa nasikia, wakazungumza dakika kumi, wakacheka. Kisha akatia saini.